Anzeni na Mahali pa Kutokea: Kupanga Uvuvi wa Kayaki Mtoni Nile na Mwambaoni Jinja

(Hotuba kwa wavuvi wa kayaki na waongozaji wa wageni, Jinja)

Ndugu mwenyekiti, wazee wa mialo, waongozaji wa wageni, nanyi mliotoka Kampala, Mukono na Busia kabla ya jua kuchomoza mkiwa na kayaki juu ya magari, karibuni sana.

Mada tuliyopewa ni kupanga safari ya kuvua kwa kayaki mtoni na kwenye mwambao wa ziwa ulio jirani. Anayepanga safari ya namna hii kwa kawaida huanza na samaki: sangara yuko wapi, chambo gani kinamvuta. Sisi tunaomba muanze na mahali pa kutokea majini na saa ya kutokea. Chukua karatasi, andika juu kabisa: nitatokea mwalo fulani, saa 5 asubuhi. Chini yake andika upepo utakuwa unavuma kutoka wapi saa hiyo, au mkondo utakuwa unaelekea wapi. Ukishafika hapo, pa kuingilia, umbali, uzito wa mzigo, hata chambo, vyote vinajipanga. Ukianza na samaki, saa 8 mchana itakukuta kilomita saba kutoka nchi kavu, mabega yamekufa ganzi na mawimbi yanakupanda mapajani.

Tuanze na mto. Nile inatoka ziwani hapa hapa Jinja, na wengi bado wanaichukulia kama mto mmoja unaotiririka. Sivyo tena. Maporomoko ya Ripon yalizama bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Jirani yake pana Kiira. Kilomita 8 hivi chini yao kuna Bujagali, lililoanza kazi mwaka 2012, na mbele zaidi, upande wa Kayunga, kuna Isimba lililozinduliwa mwaka 2019. Mto wetu umekuwa ngazi: kila kidato ni maji yaliyotulia, na mwisho wa kila kidato ni ukuta wa zege wenye mitambo inayofyonza. Kwa hiyo kupanga safari ya mtoni ni kuchagua kidato kimoja na kukaa humo.

Kidato cha kwanza, kutoka chimbuko la Nile hadi ukuta wa Nalubaale, ni kilomita tatu hivi tu. Kiacheni. Maji yanaonekana yamelala, kumbe yanakwenda, na yanakokwenda ni kwenye mitambo. Anayetupa ndoano huku ameinamisha kichwa hawezi kuhisi mwendo huo, kwa sababu kayaki na maji vinakwenda pamoja. Atakuja kushtuka akiona kingo zinampita. Tena ukuta unalindwa na askari, na picha moja ya simu pale inaweza kukugharimu siku nzima ya maelezo.

Kidato cha pili, kati ya Kiira na Bujagali, ndicho chetu. Maji mapana, yenye ghuba ndogo na visiwa, na mafunjo kwenye kingo. Ingieni katikati ya kidato, kamwe si kwenye ncha zake. Ncha ya juu ina maji yanayotoka kwenye mitambo ya Nalubaale na Kiira, na hayo hayana adabu: mtambo mmoja ukiwashwa, mkondo unabadilika ndani ya dakika chache bila mvua wala wingu. Ncha ya chini ina ukuta wa Bujagali na mstari wa maboya. Maboya hayo si pambo, na si mahali pa kufunga kamba ya kayaki ili uvue kivulini.

Umeme unahitajika zaidi jioni. Bei ya juu ya umeme viwandani Uganda hutozwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, na ndio muda mitambo inapobanwa kazi. Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, mkondo wa jioni si ule uliouacha asubuhi. Pili, usawa wa maji kwenye bwawa unapanda na kushuka kila siku. Ukilaza kayaki ukingoni ukaenda kula, iburute mita kumi juu ya alama ya maji kisha uifunge kwenye mti. Kayaki nyingi zinazosemekana kuibwa pale hazikuibwa na mtu.

Sasa hesabu, na hii ifanyeni mkiwa nyumbani. Kayaki ya kuvulia ya kukalia juu, yenye urefu wa mita 3.6 hadi 4.2 na mzigo wake, inakwenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa ukipiga kasia bila kujiua. Mkondo ukiwa wa kilomita 3 kwa saa, kupanda kwako kunabaki kilomita 2 kwa saa, na kushuka ni kama 8. Kilomita mbili za kupanda zitakula saa nzima. Za kushuka, robo saa. Basi siku zote anza kwa kupanda ukiwa na nguvu, uvue ukishuka. Anayeanza kwa kushuka anapata saa moja ya raha, halafu anarudi kwa kukopa nguvu asizokuwa nazo.

Chini ya Bujagali kuna maji ya kasi, hadi Kalagala na Itanda. Vijana wetu wa kayaki fupi za michezo wanayajua mwamba kwa mwamba, na wageni wanatoka Ulaya kuja kuyapanda. Kayaki ya kuvulia haina kazi kule. Ni pana, nzito, ina fimbo zilizosimama, masanduku na kamba, na kila kimoja ni mtego wa kukunasa ukipinduka. Ukitaka maji ya chini zaidi, nenda kwa gari hadi kidato cha Isimba, ukijua kwamba visiwa na kingo za zamani vimefunikwa, hivyo visiki vitakula chambo chako bandia. Na Nile ya chini ya maporomoko ya Murchison, yenye sangara wanaozungumzwa dunia nzima, ni ya mashua ya injini na kibali cha mamlaka ya wanyamapori, UWA. Viboko na mamba wa pale hawatofautishi kayaki na kitu cha kuchezea.

Twende ziwani, na hapa tukae kidogo.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani wa mita 40 hivi. Si refu sana kwenda chini, ni pana. Maji mapana yasiyo na kina kirefu hupandisha mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana upesi, na kayaki haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka kwa ajali za ziwa hili, na wengi wao ni wavuvi wanaolijua. Hakuna kujaa na kupwa kama kule Mombasa, kwa hiyo msitafute jedwali la maji. Saa ya ziwa ni upepo.

Kwenye mwambao huu wa kaskazini, usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, na upepo mwepesi unatoka nchi kavu kuelekea ziwani hadi asubuhi. Jua likipanda mambo yanageuka: kuanzia karibu saa 5 upepo unaanza kutoka ziwani, kusini, na mchana unakaza. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini huwa na nguvu zaidi. Oneni mtego uliopo. Alfajiri unasukumwa nje taratibu, maji ni kioo, unajiona hodari. Kumbe nusu ya mwendo ule umepewa bure. Ukichelewa, utarudi na upepo mgongoni, jambo linalosikika jema, lakini mawimbi yanakuja kwa nyuma, yanainua tezi, yaani nyuma ya chombo, na kuigeuza kayaki ubavu. Kayaki ikikaa ubavu kwa wimbi fupi, imekwenda mrama na itamwaga mtu.

Kwa hiyo ziwani tumezoea ratiba hii: kuingia majini saa 12 na nusu asubuhi kunapopambazuka, kugeuza saa 3 na nusu, miguu kwenye mchanga kabla ya saa 5. Samaki akikolea saa 3 na nusu, geuza tu. Jioni ni ya mtoni, maana hapa karibu na ikweta jua likizama giza linaingia kama nusu saa tu baadaye. Anayesubiri wekundu wa machweo uishe ndipo afungashe, atafungashia gizani.

Mahali pa kuanzia ni Ghuba ya Napoleon, ambayo imekingwa kuliko maji ya Buvuma ya nje. Mwalo wa Masese una mtelemko wa kushushia na watu wa kuulizwa. Fuata ukingo, mita 100 hadi 200 kutoka nchi kavu, ukizunguka rasi za mawe. Visiwa vya Kisima vinafikika, lakini vuka kwa njia fupi kabisa, watu wawili au zaidi, na usivuke kama tayari unaona vichwa vyeupe vya mawimbi kwa mbali. Upepo wa kilomita 20 kwa saa usoni unaweza kukupunguzia mwendo hadi nusu. Hesabu ya kuvuka ifanywe kwa mwendo huo, si kwa ule wa asubuhi.

Ngurumo ni habari nyingine. Dhoruba za ziwani huzaliwa zaidi usiku hadi alfajiri, na za nchi kavu huzaliwa mchana. Kabla ya kufungua kamba za gari, simama dakika kumi uangalie kusini kungali giza. Ukiona umeme unamulika mbali, hata bila sauti, ngoja. Fimbo ya kaboni iliyosimama kwenye maji tambarare ndiyo kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nzima. Mamlaka ya hali ya hewa, UNMA, hutoa utabiri wa ziwa. Usome usiku na uusome tena alfajiri, halafu umwulize pia mzee wa mwalo. Wakipingana, fuata anayekukataza.

Jingine la kwenye ramani ambalo ramani haionyeshi ni visiwa vinavyoelea. Mafunjo na matope yake hukatika, yakasafiri kwa upepo. Aprili 2020 kisiwa kimoja cha namna hiyo kilifika Nalubaale, kikaziba mitambo na nchi nzima ikakosa umeme. Mwezi uliofuata kipimo cha ziwa hapa Jinja kilifika mita 13.42, kupita rekodi ya mwaka 1964. Kwako wewe mwenye kayaki, kisiwa kinachoelea au magugu maji yanaweza kuziba mwalo ulioingilia majini asubuhi. Ndiyo maana kwenye ile karatasi kuna mwalo wa kwanza na mwalo wa pili, na wa pili uwe upande ambao upepo unaelekea.

Sasa vyombo. Mzigo wote, yaani wewe, vifaa, barafu na samaki unayemtarajia, usizidi asilimia 70 ya uzito ambao kiwanda kimeandika. Kayaki ya kilo 160 basi ibebe 112. Ikizidi hapo, matundu ya kutolea maji yanaanza kuingiza. Ukiikagua, angalia chini ya kiti na kuzunguka hayo matundu. Ndipo plastiki huchanika kwanza, kwa sababu ndipo uzito unapokaa na ndipo inapoburuzwa kwenye mawe. Weka maji lita tano ndani, ipindue, uone yanapotokea. Plastiki hiyo haikamatwi na gundi ya kawaida. Inachomelewa kwa joto na kipande cha plastiki ya aina ileile, na baada ya hapo jaribu tena kwa maji.

Juu ya gari, ilaze kifudifudi, mikanda miwili ya katikati na kamba moja mbele. Usiikaze hadi ilie: jua la njiani kutoka Kampala, kilomita 80, linailainisha na tumbo linabonyea. Simama baada ya kilomita kumi, ukaze kidogo. Basi, hilo limeisha.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti. Kipenga kifungwe kwenye jaketi, kisu kifupi kifuani. Miguuni vaa viatu vyepesi vyenye mikanda. Gambuti ni za matope ya shambani. Zikijaa maji, mtu hawezi kupiga miguu, na bila kupiga miguu harudi juu ya kayaki.

Kuhusu kamba ya kufunga kasia kwenye kayaki, ziwani na mtoni ni sheria mbili. Ziwani funga. Ukianguka, upepo unaisukuma kayaki tupu haraka kuliko unavyoogelea, na kasia likienda umebaki na boya la mita nne. Kwenye mkondo fungua. Kamba ndefu ndani ya maji yanayokwenda hutafuta mzizi, mzizi hutafuta mguu wako. Wala usijifunge wewe mwenyewe na kayaki mtoni, hata mtu akikwambia amefanya hivyo miaka yote.

Nanga imepindua watu wengi kuliko samaki. Ya kukunja ya kilo 1.5 inatosha, na kamba ya milimita 6, mita 30. Kwenye maji yaliyotulia toa kamba mara tatu ya kina. Upepo ukiwepo, mara tano hadi saba, kwa sababu kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza. Kamba itokee kwenye omo, yaani mbele, au kwenye tezi, isitokee ubavuni. Ikitoka ubavuni, mkondo unarundikana upande mmoja, ukingo unazama, na yote yanakwisha kwa sekunde mbili. Mkondo ukipita kilomita 3 kwa saa, usitie nanga kabisa.

Mwisho wa kamba funga boya. Chupa tupu ya soda ya lita moja na nusu iliyokazwa kifuniko inafaa. Kamba ishikwe na kibano kinachofunguka kwa mkono mmoja, si fundo. Samaki mkubwa akishika, achia kamba pamoja na boya, pigana naye, kisha urudi kuchukua. Na kwa mawe ya rasi zetu kuna ufundi ambao wavuvi wa mawe wanaujua: kamba usiifunge kwenye pete ya juu. Ifunge kwenye kichwa cha nanga, upande wa kucha, kisha ilaze kando ya mpini na kuibana kwenye pete kwa uzi mwepesi. Nanga ikinasa, zunguka uvute kutoka upande wa pili. Uzi unakatika, nanga inavutwa kwa kichwa na kuchomoka. Bebeni uzi wa akiba.

Tutafanya zoezi la kupinduka asubuhi hii, kwa hiyo sikilizeni hatua. Kayaki imelala kifudifudi, wewe uko majini. Mkono mmoja kayaki, mwingine kasia. Nenda katikati, nyoosha mkono juu ya tumbo lake ushike ukingo wa mbali au tundu la kutolea maji, weka goti kwenye ukingo wa karibu, jirushe nyuma kwa uzito wako. Itageuka. Sasa kaa karibu na kiti, usiende nyuma kwenye vishikio vya fimbo. Nyoosha miguu nyuma yako na upige hadi mwili mzima uelee, ndipo ujivute hadi kitovu kipite katikati ya kayaki. Tulia hapo, pumua. Jigeuze chali, makalio yaingie kwenye kiti, miguu ya mwisho. Wanaoshindwa huwa wananing'inia wima, miguu imeingia chini ya kayaki, wanavuta kwa mikono mitupu, inawapindukia kichwani. Ifanyeni mkiwa na jaketi na nguo za safari, na mkiweza mara mbili mfululizo mmechoka, hapo mko tayari kwa ghuba.

Samaki sasa, kwani najua ndio mliowajia.

Sangara hukaa kwenye ncha za mawe na mahali kina kinapoporomoka ghafla, na hula zaidi alfajiri na jioni. Kukokota chambo bandia kunaiendea kayaki vizuri kwa sababu mwendo wa kasia, kilomita 4 hadi 5 kwa saa, ndio mwendo wa chambo chenyewe. Tumia cha sentimita 12 hadi 15, kinachozama mita 2 hadi 4, kikufuate mita 25 au 30 nyuma. Mshipi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 20, na mbele yake mita moja na nusu ya nailoni nene ya milimita 0.9. Sangara hana meno ya kukata, ana mdomo wa msasa. Ndio unaolika nailoni nyembamba. Breki ya rili iwe kilo 4 hadi 5, na ipime kwa ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, si kwa kubahatisha kwa kidole. Akishika, elekeza omo kwake umwache akuvute. Ncha ya fimbo ibaki mbele ya magoti yako. Ikipita kwenda ubavuni, kilo tano zile zinavuta ukingo, na ukijiegemeza kumwangalia umemsaidia kukupindua.

Ukimtoa kwenye kina cha mita 15 au zaidi atafika juu tumbo limefura, na ukimwachia hawezi kuzama. Kwa hiyo ukikusudia kuachia, vua maji ya juu. Sangara aliye chini ya sentimita 50 ni marufuku. Kipimo kichoreni kwenye ubavu wa kayaki kwa rangi. Mshike kwa mdomo wa chini kwa koleo, mbali na kifuniko cha shavu na miiba ya mgongo, vyote vinachana.

Sato au ngege ni wa kando ya mafunjo, mita 1 hadi 3, ndoano ndogo, nyungunyungu au bonge la posho lililokandwa na mafuta kidogo. Kaa mita kumi kutoka kwenye mafunjo na usigonge kayaki. Kisinja ni wa maji yanayokwenda, juu ya kidato, na mahali anapokaa ndipo tulipowaambia msikae. Semutundu ana miiba mapezini. Mkanyage kwa kiatu kwanza. Kamongo akishika, kata mshipi. Anauma kweli, na ndani ya kayaki hamna pa kumkimbilia. Kwa Kiganda mamba ni huyo kamongo, na mamba wa Kiswahili wao humwita goonya. Kwa hiyo mkimsikia mvuvi wa Kiganda akitaja mamba, muulizeni: samaki huyo kamongo, au ni goonya mwenye magego? Wilaya za Mayuge na Namayingo zina historia ya huyo wa pili, na mtu asiulize baada ya kushuka majini. Kiboko naye hukaa mchana karibu na mafunjo yenye njia iliyokanyagwa. Ukiona njia hiyo, mpe mita 100 na usipite kati yake na maji ya kina.

Vibali. Kibali cha uvuvi wa burudani kinatoka idara ya uvuvi ya Wizara ya Kilimo, na mnaanza kwa afisa wa uvuvi wa wilaya. Mwaka 2017 jeshi lilianzisha kikosi cha kulinda uvuvi, FPU, na sheria waliyokuja kuisimamia inataka mashua ya uvuvi ya futi 28 au zaidi. Kayaki yako ina futi 12 au 13. Kwa mbali, afande anaona chombo kidogo haramu. Kwa hiyo kayaki iwe ya rangi kali, fimbo zionekane, msibebe nyavu wala kamba za kutegea ndoano nyingi. Mkiitwa, acheni kupiga kasia, mikono juu ya mapaja, msalimuni kwa Kiswahili: habari ya kazi afande, tunavua kwa fimbo, kibali hiki hapa. Kibali, kitambulisho na namba ya mtu wa nchi kavu viwe kwenye mfuko mmoja usioingia maji, uliofungwa kifuani, siyo ndani ya sanduku chini ya barafu.

Huyo mtu wa nchi kavu awe na ile karatasi. Iandikwe: watu wangapi, rangi za kayaki, mwalo wa kuingilia, mialo miwili ya kutokea, saa ya kutokea, na saa ya kuanza kutafuta, ambayo ni saa moja baadaye, isiwe jioni yake. Kubalianeni mapema na mwenye mashua ya injini pale mwaloni, na mafuta yawe yamo kwenye tangi, kwa maana "nitanunua nikipigiwa" haijawahi kumfikia mtu kwa wakati. Simu iwe na chaji kamili, na mjue nyuma ya visiwa mtandao hukatika. Ukifika kwenye rasi yenye mtandao, tuma ujumbe mmoja.

Maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu kwa asubuhi moja. Barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki. Mtoe samaki damu papo hapo, toa matumbo kabla ya saa moja kwisha, barafu tumboni na juu yake.

La mwisho ni kichocho. Konokono wake wanakaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, yaani hasa pale tunaposhushia kayaki. Vijidudu vinaingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Shushieni kwenye mchanga au mawe palipo wazi, msisimame majini mkipiga soga, na mkitoka jikausheni kwa kusugua na taulo. Kisha andikeni tarehe kwenye kalenda: wiki sita hadi nane baada ya safari, nendeni kituo cha afya mkapimwe, hata kama hamjisikii lolote. Mkipima siku tatu baada ya safari, kipimo hakitaona kitu. Dawa ni praziquantel, na kipimo chake kinategemea uzito wako, kwa hiyo mpewe na mhudumu, msinunue kwa kubahatisha.

Maswali tutayapokea hapa chini ya mwembe, halafu saa 4 tushuke mwaloni kwa zoezi. Mwenye kayaki inayovuja ailete mbele kwanza.